Kutoa ni Moyo

Wapo wasemao: Hata mataifa tajiri yana maskini wake, yawezaje basi kuwasaidia walio mbali? Swali hili tusilidharau, kwani kila baba hulisha kwanza watoto wake.

Lakini na tupime kiasi kinachotakiwa. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliyataka mataifa tajiri yatoe asilimia 0.7 ya pato lao, yaani senti 70 katika kila shilingi 100. Atoaye hizo amebakiwa na shilingi 99 na senti 30 za kulisha watoto wake! Uingereza ilifikia kiasi hicho mwaka 2013; mwaka 2021 ikakipunguza kuwa senti 50, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba zitakuwa 30 ifikapo 2027.

Baba Mtakatifu Paulo wa VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba ziada ya mataifa tajiri yapasa kuyafaa yaliyo maskini. Basi huu ni wajibu, si hisani tu. Nasi tupokeao tunao wajibu wetu: msaada uonekane zahanatini na shuleni, usiishie mifukoni mwa wachache.

Tena tujihoji nyumbani mwetu. Yule mjane wa Injili hakungoja kwanza atajirike.