Kukereza Kikasha Chenye Kifuniko

Katika misitu mikavu ya Handeni hupatikana mpingo, mti wenye moyo mweusi, mzito hata huzama majini. Wafaa sana kwa kikasha kidogo cha mviringo. Lakini fundi na ajue kwanza neno hili: mti mbichi haudumu katika umbo lake.

Sababu ni maji yaliyomo ndani yake. Yakitoka, mti husinyaa, wala hausinyai sawasawa pande zote. Basi kinywa kilichokuwa duara huwa kama yai, na kifuniko hukwama.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kata kipande, uzipake nta ncha zote mbili, maana huko maji hutoka upesi, na mti hupasuka. Kiweke kivulini miezi mingi.

2. Kifunge katika kerezo, ukikereze mpaka kiwe duara. Kata sehemu ya kifuniko, uichimbe kwanza.

3. Ndipo uchonge shingo ya kikasha, kidogo kidogo, ukilisimamisha kerezo kila mara na kukijaribu kifuniko. Kilichoondolewa hakirudishwi.

4. Kuchimba ndani ya kikasha kuwe mwisho.

Hata mti mkavu hubadilika kidogo. Kikasha kilichofanyizwa Korogwe, karibu na mto Pangani, wakati wa masika, kitasinyaa kikipelekwa Handeni wakati wa kiangazi. Basi tia alama ndogo juu ya kifuniko na kikasha, ili mistari ya mti ikutane kama ilivyokuwa tangu awali. Hivyo vyote viwili vitasinyaa pamoja, na kifuniko kitaendelea kufunga.