Kuwakumbuka Ndugu Waliotutangulia

Ndugu zangu Waislamu, marehemu hana haja ya sifa zetu. Ana haja ya dua na wema wetu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea nyama rafiki za Bibi Khadija (R.A.) baada ya Bibi huyo kufariki. Hayo ndiyo mapenzi yenye shukrani.

Na huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alifariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alimkumbuka kwa kuendeleza kazi yake ya kusomesha na kuandika.

Basi na sisi huku Nakuru, kabla ya kupika pilau ya hitima, tujiulize: Deni la marehemu limelipwa? Mayatima wake wanakula na kusoma? Rafiki zake twawazuru?

Mwenyezi Mungu awarehemu. Amin.