Insha ya Hoja Mpakani: Nani Alijuaje, na Lini?

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze nchini Uganda mwaka 2020, kukariri daftari la mwalimu hakutoshi tena. Miradi na kazi za darasani huhesabiwa katika tathmini endelevu, ambayo inabeba asilimia 20 ya matokeo ya kidato cha nne. Basi wanafunzi wa Bwera, Mpondwe na Kasese mjini wanaambiwa "fanyeni utafiti", na wengi wao hukimbilia simu siku hiyohiyo. Ni mapema mno. Anayetafuta bila swali hubeba kila anachokikuta.

"Ebola mpakani" ni mada tu, haibishaniwi. Swali linaloweza kubeba insha ya hoja ni hili: je, Uganda ilikosea kuuacha wazi mpaka wa Mpondwe wakati wa Ebola mwaka 2019? Lina mahali, lina mwaka, na watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti. Tulifuate hilo, maana ushahidi wake uko jirani.

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na hadi ulipokwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda na Shirika la Afya Duniani, WHO, zilitangaza mgonjwa wa kwanza upande huu: mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake, akapokelewa Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera. Tangazo hilo lilisema familia iliingia kupitia kituo cha mpaka cha Bwera. Taarifa zilizofuata katika vyombo vya habari zikasema walipita njia ya panya, pasipo na mlinzi.

Hapa mwanafunzi mvivu huchagua taarifa inayompendeza. Usifanye hivyo, kwa sababu hoja nzima imesimama kwenye tofauti hiyo. Kama walipita getini, ukaguzi ulipitwa na mgonjwa, na anayetaka mpaka ufungwe ana la kusema. Kama walipita njia ya panya, kufunga geti kusingewazuia. Andika taarifa zote mbili daftarini, kila moja na tarehe yake, kisha uliza: huyu alijuaje, na alijua lini? Tangazo la kwanza lina uzito wa wizara, lakini lilitoka siku ileile ugonjwa ulipothibitishwa. Taarifa za baadaye zilipata muda zaidi wa kuuliza. Hata hivyo muda peke yake hauthibitishi kitu. Magazeti kumi yakiwa yamemnukuu ofisa mmoja, hicho ni chanzo kimoja, hata ukivijaza vichwa vyao vyote kumi mwishoni mwa insha.

Endelea kuchimba, utafika Agosti. Tarehe 28 Agosti 2019 msichana wa miaka 9 kutoka Kongo alitambuliwa na wakaguzi wa afya palepale kituo cha Mpondwe, akatengwa na kupelekwa Bwera, alikofariki. Kisa hiki hutajwa mara chache kuliko kile cha Juni, nami naona ndicho chenye nguvu zaidi kwa anayetetea mpaka ulio wazi: aliyepita getini alionekana. WHO nayo, ilipotangaza dharura ya kimataifa tarehe 17 Julai mwaka huohuo, ilizionya nchi zisifunge mipaka, kwa kuwa kufunga huwasukuma watu kwenye vivuko visivyokaguliwa. Huo ni ushauri wa wataalamu na unastahili heshima, lakini hauelezi kilichotokea Mpondwe. Mzigo wa hoja yako ubebwe na matukio, ushauri uje nyuma yake.

Kisha nenda ukawasikilize watu. Usiende Jumanne wala Ijumaa kutaka mahojiano. Hizo ni siku za soko, nani atakusikiliza? Siku hizo tazama tu msongamano, ahidi kurudi. Muuzaji wa samaki, kijana wa bodaboda, mhudumu wa afya, wote waulize swali moja kabla ya mengine: "Siku ile ulikuwepo mwenyewe, au ulihadithiwa?" Akijibu kwa Lhukonzo, andika kwa Lhukonzo, tafsiri utaifanya nyumbani. Muuzaji anayeishi kwa biashara ya Kasindi, upande wa Kongo, ana maslahi mpaka uwe wazi. Hilo halimfanyi mwongo, ila liandike pembeni ya maneno yake. Kipimo hichohicho kiwapime wakubwa: Benki ya Dunia iligharimia kituo cha pamoja cha forodha cha Mpondwe, na serikali ndiyo mwenye hisa nyingi katika gazeti la New Vision.

Mtafute pia yule usiyekubaliana naye, mzazi au muuguzi aliyetamani mpaka ufungwe, na uiandike hoja yake kwa namna ambayo mwenyewe angeisoma na kusema ndiyo, nilisema hivyo.

Tahadhari moja kuhusu idadi. Baada ya shambulio la Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, hukohuko Mpondwe, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, taarifa ya kwanza ya polisi ilitaja miili 25; kabla ya siku kwisha idadi iliyotangazwa ilipita 40. Hakuna aliyekusudia kupotosha, watu walikuwa bado wanahesabu. Takwimu ya saa za mwanzo isiingie kwenye insha bila tarehe yake, na ikiwezekana iipishe takwimu ya baadaye. Tena, kwa jambo kama hilo tumia maandishi. Wenzako waliofiwa si vyanzo vya kazi ya darasani.

Sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe ziache. Programu za akili mnemba zinaweza kukutungia ripoti yenye kichwa, mwaka na mwandishi, na ripoti yenyewe isiwepo duniani. Usichoweza kukifungua na kukisoma usikitaje.

Ratiba? Ianze na kinachochelewa. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 inampa raia wa Uganda haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Siku 21 ni sehemu kubwa ya muhula. Mkiwa mnahitaji takwimu za ofisi ya wilaya Kasese, mwombeni mwalimu mkuu aandike barua wiki hii, hata kama aya ya kwanza ya insha bado haijazaliwa.