Mahali pa Wote Pasiliwe: Somo Kuhusu Mpango wa Mji

Leo tusome habari za mji. Pengine mtauliza: sisi wakulima na mji wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini mji hautusubiri sisi tuufuate. Mji wenyewe unakuja.

Tazameni Mkoa wa Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1978 mkoa ule ulikuwa na watu 843,090. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Yaani kwa miaka 44 watu wameongezeka zaidi ya mara sita. Mbezi, Tegeta na Mbagala zamani palikuwa na vijiji, minazi na mashamba. Leo pamejaa nyumba na maduka. Wazee wa pale hawakuhama. Mji uliwakuta walipokaa.

Kwa hiyo somo hili ni letu. Tutatazama mji umejengwaje, wapi umefanya vizuri na wapi umeharibu. Halafu tutarudi kijijini kwetu.

1. MAHALI PA WOTE NI NINI?

Katika mji kuna sehemu za namna mbili. Kuna mahali pa mtu, kama nyumba yake, duka lake na ua wake. Tena kuna mahali pa wote, kama barabara, njia za miguu, soko, stendi, uwanja wa mpira, bustani, makaburi na ufuko wa bahari.

Tajiri anaweza kukaa kwake tu. Ana bustani yake na gari lake. Maskini je? Chumba chake ni kimoja, na watoto ni watano. Watacheza wapi? Atapumzika wapi jioni? Ndiyo maana tunasema mahali pa wote pakikosekana, maskini ndiye anayeumia kwanza.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Angalieni nyumba ya Kiswahili. Katikati pana ukumbi mrefu, vyumba viko pande mbili, na nyuma pana ua wa kupikia na kufulia. Mbele pana baraza. Hapo mwenye nyumba hukaa na jirani, na mpita njia husalimiwa. Baraza ni ya mwenye nyumba, lakini mgeni naye hukaribishwa. Siku hizi mjini watu wengi wamejenga ukuta mrefu mbele, na baraza imekwisha. Mtu hamjui hata jirani yake, mpaka siku ya msiba.

2. MNAZI MMOJA: UWANJA ULIOKUSUDIWA KUTENGA

Wakoloni waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu. Wajerumani walitunga sheria za ujenzi kufuata mafungu hayo, na Waingereza waliokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaendeleza. Uzunguni kulikuwa karibu na bahari, kwenye viwanja vikubwa na miti. Uhindini kulikuwa sehemu ya maduka. Waafrika waliwekwa Kariakoo. Jina hilo lenyewe limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokuwa na kambi mahali hapo wakati wa vita. Kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakatamka Kariakoo.

Kati ya Kariakoo na Uhindini pakaachwa ukanda wa wazi usiojengwa. Ndipo penye viwanja vya Mnazi Mmoja. Nia yao ilikuwa kuwatenga watu.

Lakini uwanja hauna ubaguzi wenyewe. Watu walipita, wakacheza, wakakutana. Wakoloni wakaondoka, na uwanja ukabaki. Pale sasa pana mnara wa kukumbuka Uhuru, na mikutano mikubwa imefanyika pale mara nyingi. Mahali palipoachwa pawagawe watu pamekuwa mahali pa kuwakusanya. Kama pangejengwa majumba matupu tangu zamani, leo katikati ya mji watu wangekutania wapi?

3. SOKO LA KARIAKOO: JENGO LENYE AKILI

Baada ya Uhuru ilionekana kwamba wananchi wa Dar es Salaam wanahitaji soko kubwa. Kazi ya kulichora ilifanywa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki. Msanifu majengo ni mtu anayefikiri na kuchora jengo kabla fundi hajashika mwiko. Soko lilifunguliwa mwaka 1975.

Hebu tulitazame lilivyofikiriwa. Paa lake limeundwa kwa zege, kwa maumbo kama miavuli iliyogeuzwa juu chini. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika katikati ya mwavuli na kuteremka kwenda kuhifadhiwa. Chini ya miavuli hiyo pana kivuli kikubwa, na upepo unapita. Chini ya ardhi pana sehemu ya kushushia na kuuzia mizigo kwa jumla, na juu ndipo pa kuuzia rejareja. Si mmeona? Jua, mvua, upepo, mchukuzi na mnunuzi, wote wamefikiriwa. Hapakuwa na haja ya kuiga soko la Ulaya, maana Ulaya hawana jua letu.

Hata hivyo jengo zuri linahitaji kutunzwa. Tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua moto, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali. Baadaye serikali ikaanza kulikarabati na kujenga soko jingine pembeni. Tujifunze: kujenga ni siku moja, kutunza ni siku zote. Mahali pa wote pasipokuwa na ulinzi, maji ya kuzimia moto na njia zilizo wazi, pana hatari kwa wote.

4. BARABARA NI YA NANI?

Watu wengi hudhani barabara ni ya magari. Siyo. Barabara ni ya watu, na gari ni chombo chao. Katika miji yetu wengi huenda kwa miguu au kwa basi. Mwenye gari dogo ni mmoja kati ya wengi, lakini anachukua nafasi kubwa. Hesabuni wenyewe: basi moja refu hubeba watu zaidi ya mia. Wakipanda magari madogo, watu wawili kila gari, yatahitajika magari zaidi ya 50. Barabara itatosha?

Ndiyo sababu ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ambayo watu huyaita mwendokasi. Yalianza kazi mwezi Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Yana njia yake peke yake katikati ya barabara, na pembeni pamejengwa njia za waendao kwa miguu. Msongamano ndani ya mabasi umeleta malalamiko mengi, hilo tusilifiche. Lakini wazo lenyewe ni sahihi: wengi wapewe njia kwanza.

5. BONDE SI MAHALI PATUPU

Kosa kubwa la miji mingi ni kudhani kwamba mahali pasipo na nyumba hapana kazi. Pale Dar es Salaam lipo bonde la mto Msimbazi, sehemu za Jangwani. Bonde lina kazi yake, nayo ni kupokea maji ya mvua. Watu wasiokuwa na uwezo wa kununua viwanja vilivyopimwa walijenga humo, kwa sababu ni karibu na kazi. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, mto ukajaa, watu wakafa na nyumba zikazama. Jamaa nyingi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na mji. Hata kituo kikubwa cha yale mabasi ya mwendokasi kilijengwa Jangwani, nacho kikafurika mara kwa mara.

Tusiwacheke waliojenga bondeni. Mtu hajengi penye hatari kwa kupenda. Viwanja vilipimwa vichache na watu walikuwa wengi. Mpango ukichelewa, watu hujipangia wenyewe, kila mmoja kwa nafasi yake. Mwishowe nyumba zinabanana. Gari la zimamoto haliwezi kuingia, mgonjwa hubebwa mgongoni mpaka barabarani, hata jeneza hupita kwa taabu.

6. SASA TURUDI KIJIJINI

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kijiji chetu kina watu 2,000 na uwanja mmoja wa mpira. Urefu wake ni mita 100, upana mita 60. Eneo lake ni 100 × 60, yaani mita za mraba 6,000. Akaja mtu akasema: tuukate viwanja vya nyumba, kila kimoja mita 20 kwa 30. Kiwanja kimoja ni mita za mraba 600. Kwa hiyo tutapata viwanja 10.

Watu 10 watapata viwanja. Fedha zitaliwa mwaka mmoja. Lakini watu 2,000 watakuwa wamekosa mahali pa mkutano, pa mchezo, pa sherehe na pa gulio. Mji ukifika, ardhi itapanda bei, na hatutaweza kuununua tena. Hiyo ndiyo hasara yenyewe.

Sheria inatusaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ardhi ya jumuiya, yaani ya wote, ardhi ya watu binafsi na familia, na ardhi ya akiba. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na ardhi ya jumuiya huandikwa katika daftari la kijiji, wala haigawiwi mtu binafsi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuzunguke kijiji pamoja, wazee, vijana na kina mama. Tuandike mahali pa wote: uwanja, soko, visima, njia za ng'ombe, makaburi, msitu, bonde la maji. Kina mama wasiachwe, maana wao ndio wanaojua njia za maji na kuni.

Pili, tupeleke orodha hiyo mbele ya Mkutano Mkuu, ijadiliwe na kupitishwa. Tuhakikishe imeandikwa katika muhtasari na katika daftari.

Tatu, tuombe wataalamu wa ardhi wa wilaya watusaidie kupima na kuchora ramani ya matumizi ya ardhi. Mipaka iwekwe alama zinazoonekana, kama mawe au miti.

Nne, kila mmoja ajue kusoma ramani ile. Ramani ikifungiwa kabatini, wanakijiji hawaioni. Ibandikwe ofisini mahali pa wazi.

Tano, tuache barabara pana tangu sasa. Kusogeza ua wa miti ni kazi ya siku moja. Kubomoa nyumba ya jirani ni ugomvi wa miaka.

Ndugu wasomaji, tulijifunza kusoma ili tusidanganywe kwa karatasi. Basi siku karatasi ya kuuza uwanja itakapoletwa, tuisome yote kwanza, tena kwa sauti, mkutanoni, kila mtu asikie. Usiweke sahihi kwa sababu jirani ameweka. Uliza: eneo hili ni la nani, na wajukuu wetu watakutania wapi?

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mahali patano pa wote katika kijiji chako. Pangapi pameandikwa katika daftari la kijiji?
2. Kwa nini paa la soko la Kariakoo lilichorwa kama miavuli iliyogeuzwa?
3. Uwanja una urefu wa mita 90 na upana wa mita 40. Ukikatwa viwanja vya mita 20 kwa 30, vitapatikana viwanja vingapi? Watu wangapi watakosa uwanja?
4. Je, kijijini kwenu kuna bonde ambalo watu wameanza kujenga? Maji yalifika wapi mvua kubwa ya mwisho iliponyesha?
5. Nani mwenye idhini ya kugawa ardhi ya kijiji?