Maji ya Mvua Yaendako

Mkulima, mvua inyeshapo shambani mwako ina njia mbili: kuzama ardhini au kutiririka juu yake. Maji yazamayo hulisha mazao, na yasaliayo hutoka polepole katika chemchemi, hata mto ukapata maji wakati wa kiangazi. Maji yatiririkayo huchukua udongo, huchimba makorongo, na kuujaza mto kwa ghafula. Kisha mto hukauka upesi.

Jambo hili lilipimwa huko Mpwapwa, Tanganyika, katika miaka ya 1930. Vipande vya ardhi vilitengwa mtelemkoni, na maji na udongo ulioteremka katika kila kimoja vikakingwa na kupimwa. Tuseme kila kipande kilipata madebe 100 ya mvua. Maji yaliyopotea ni haya:

Kichaka kisicholishwa mifugo: hata debe moja halikutimia.
Majani: karibu madebe 2.
Shamba la nafaka: madebe 26.
Ardhi tupu: madebe 50.

Kichakani na penye majani udongo haukupotea. Lakini katika shamba la nafaka zilichukuliwa karibu tani 78 kwa hektari moja kwa mwaka, na katika ardhi tupu tani 146, yaani unene wa sentimita moja hivi. Udongo huo wa juu ndio wenye rutuba.

Kwa nini iwe hivyo? Tone la mvua likipiga udongo mtupu, huusaga, na vumbi lake huziba vitundu vya ardhi. Penye majani tone huvunjwa nguvu kwanza. Mizizi na mchwa hufungua njia za maji. Na mabua yaliyolala huyachelewesha.

Hatukuambii uliache shamba liwe kichaka, kwa maana watoto hawali kichaka. Bali fanya haya:

1. Lima na kupanda kwa kuukata mtelemko, wala usiufuate.
2. Usichome mabua, yatandaze shambani.
3. Acha kanda za majani katikati ya shamba, zikikingama mtelemko.
4. Usilime ukingoni mwa mto wala kwenye chemchemi.
5. Usiwarudishe ng'ombe na mbuzi mahali palipokwisha majani mpaka yaote tena.

Ukumbuke pia jirani aliye mbali. Maji ya Mpwapwa huingia Kinyasungwe, kisha Mkondoa upitao Kilosa, kisha Wami mpaka baharini. Mwezi wa Desemba 2009 Mkondoa ulifurika Kilosa, na watu wengi wakakosa makao. Mafuriko yana sababu nyingi, lakini kila debe lizamalo shambani mwako halitaongeza mafuriko ya mtu wa chini.

Mvua ijayo itazame mifereji yako. Maji yakiwa mekundu, ujue ni shamba lako linalokwenda.