Andika Krismasi ya Nyumbani Kwenu

Kabla hujaanza, tafuta daftari na kalamu. Soma somo lote mara moja, polepole. Kisha lisome mara ya pili pamoja na mtu mwingine wa nyumbani, mkisaidiana.

Leo tutajifunza kuandika kumbukumbu ya sikukuu. Mfano wetu ni Krismasi. Kama ninyi ni Waislamu, fanyeni vivyo hivyo kwa Idi au Maulidi. Kazi ni ile ile.

Pengine utauliza, "Kuna haja gani ya kuandika mambo ya sikukuu? Si tunayajua?" Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Ngoja nikueleze yaliyotupata sisi.

SEHEMU YA KWANZA: JOGOO WA KRISMASI

Kwetu ni Kilakala, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kila Krismasi watoto na wajukuu wote tulikusanyika kwa bibi, mzaa mama. Asubuhi tulikwenda kanisani. Mlangoni mwa kanisa ilisimamishwa migomba miwili, ikapambwa kwa matawi na maua. Tuliporudi tulimkuta bibi jikoni. Mchele umekwisha chaguliwa, nazi inakunwa, moshi umejaa uani. Sisi watoto tulivaa nguo mpya na kukatazwa kukaa chini.

Chakula kikishaiva, sahani zilifunikwa kwa kawa zikapelekwa kwa majirani, Wakristo na Waislamu. Siku ya Idi sahani zile zilirudi kwetu, tena zimejaa. Kuku wetu alichinjwa na jirani Mwislamu, ili asiwepo mtu wa kushindwa kula.

Baada ya kula, bibi alisimulia habari moja. Kila mwaka ilikuwa hiyo hiyo.

Mwaka huo mjomba wetu alikuwa vitani Kagera. Alikwenda pamoja na mgambo wenzake, na habari zake hazikujulikana. Bibi akasema hapiki chakula cha sikukuu. "Nitapikaje wali, na mwanangu sijui amelala wapi?" Babu hakubisha. Siku ya Krismasi jiko likawa baridi. Watoto wakakaa barazani, kimya.

Nyumba ya pili alikuwapo mpangaji, Mwislamu, mgeni pale mtaani. Alikuwa amehamia baada ya mjomba kuondoka. Basi, akaja na jogoo mkononi. Jogoo akamponyoka, akakimbilia migombani. Watoto wakamfukuza, huyu akianguka, yule akipiga kelele, mpaka wakamkamata. Yule mpangaji akamchinja mwenyewe. Kisha akamwambia bibi, "Mama, aliye vitani ni mtoto wetu sote. Pika, watoto wale. Na yeye muwekee sahani yake."

Bibi akapika. Sahani ya mjomba ikawekwa mkekani pamoja na za wengine.

Mjomba alirudi mzima mwaka uliofuata. Lakini yule mpangaji alikuwa amekwisha hama. Kwa hiyo bibi alimaliza habari yake kwa maneno haya: "Nyie mkikua, mtafuteni mtu yule, au watoto wake. Mimi sikupata kumshukuru nikiwa na mwanangu." Hapo alilitaja jina lake na mahali alikotoka.

Sisi tulikuwa bado tunacheka habari za jogoo.

Bibi alifariki mwezi Machi 2018. Krismasi ya mwaka huo tulikusanyika kama kawaida. Mjomba, ambaye sasa ni mzee, akasema, "Sasa tumtafute yule mtu wa jogoo. Jina lake alikuwa nani?"

Kimya. Mama yangu alikuwa na miaka 12 wakati ule. Anakumbuka kanzu ya yule mtu, na kwamba jogoo alikuwa mwekundu. Lakini watoto walimwita "Mpangaji" tu. Mjomba hakuwahi kumwona. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuwahimiza watu wazima waandike, nilikuwa nimelisikia jina lile zaidi ya mara ishirini. Sikuliandika hata mara moja.

Kumbuka kwamba bibi mwenyewe alijua kuandika. Alisoma kisomo cha watu wazima, akafanya mtihani wa taifa mwaka 1975, akafuzu. Tulipofungua sanduku lake tulikuta daftari. Ndani mna hesabu za ndizi alizouza sokoni. Jina lile hamna. Hatumlaumu. Yeye alituambia kwa mdomo, akidhani tunashika. Hakuna hata mmoja wetu aliyempa kalamu akamwambia, "Bibi, tuandikie."

Mpaka leo jina hilo hatujalipata. Tuna deni la shukrani, na mwenye deni lake hatumjui.

SEHEMU YA PILI: KILICHOANDIKWA HUBAKI

Krismasi ililetwa kwetu na wamisionari. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni Bagamoyo mwaka 1868. Baadaye walikuja huku bara: Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, na Matombo, kule milimani, mwaka 1897.

Je, miaka hii tunaijua kwa nini? Kwa sababu iliandikwa. Mapadre walikuwa na desturi ya kuandika habari za misioni katika kitabu.

Lakini wazee wetu walioila sikukuu ile kwa mara ya kwanza walikula nini? Walimwalika nani? Nani alikataa kuja, na kwa nini? Mambo mengi ya namna hiyo yalibaki vichwani mwa watu, na watu wale tumekwisha wazika.

Kwa hiyo ukiandika kumbukumbu ya nyumbani kwenu, usidhani ni mchezo. Unafanya kazi ambayo hakuna mgeni atakayeifanya kwa niaba yako.

SEHEMU YA TATU: HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1. Chagua sikukuu moja.

Usiandike habari za Krismasi zote. Utachoka, utaacha. Chagua moja tu: ile ya mwaka wa mvua kubwa, au ile ambayo mtoto alizaliwa usiku wa mkesha.

Hatua ya 2. Muulize mzee wakati mkifanya kazi.

Mzee akikalishwa kitini na kuulizwa maswali, husema, "Mimi sikumbuki kitu." Lakini mkichambua maharage pamoja, maneno huja yenyewe. Uliza hivi: Nani walikuwapo? Mlikula nini? Nguo zilitoka wapi? Nani hakuwapo? Na kila akitaja mtu, uliza jina kamili na kwao ni wapi. Hapo ndipo sisi tulipokosea.

Hatua ya 3. Tafuta mwaka.

Wazee wengi hawakumbuki mwaka, lakini wanakumbuka matukio. Tumia matukio haya kama ngazi:

1955 – Ghasia za matuta Uluguru. Watu walikataa kulazimishwa kulima matuta.
1961 – Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba.
1967 – Azimio la Arusha.
1970 – Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere.
1978 na 1979 – Vita vya Kagera.
1984 – Kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, kwa ajali ya gari, Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili.
1997 na 1998 – Mvua za El Niño.
1999 – Kifo cha Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba.
2019 – Moto wa lori la mafuta, Msamvu, Morogoro, mwezi Agosti.

Muulize mzee: "Krismasi hiyo ilikuwa kabla ya tukio hili, au baada yake?" Panda ngazi, shuka ngazi, mpaka mwaka upatikane.

Sisi tulifanya hivyo. Mama mdogo alishikilia kwamba jogoo alichinjwa mwaka 1980, wakati wa foleni za sukari. Mama akasema, hapana, ni wakati wa vita. Basi tukahesabu. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ilitekwa Aprili 1979. Kati ya miezi hiyo kuna Krismasi moja tu, ya mwaka 1978. Lakini baadhi ya askari wetu walibaki Uganda baada ya vita. Je, haikuwa Krismasi ya mwaka 1979? Tukamwuliza mjomba. Akasema alirudi Septemba 1979, na Krismasi hiyo alikula nyumbani. Basi, ni mwaka 1978.

Hatua ya 4. Tenga uliyoyaona na uliyoyasikia.

Mama mdogo hakuridhika. Akasema, "Mimi nilimwona jogoo yule kwa macho yangu!" Tukaleta cheti chake cha ubatizo. Kumbe alizaliwa Agosti 1979! Tulicheka sana, na yeye akacheka. Lakini hakuwa mwongo. Alikuwa ameisikia habari ile mara nyingi mpaka ikawa kama ameiona. Jambo hili humpata kila mtu. Kwa hiyo andika wazi: "Niliona," au "Niliambiwa na mama." Na kama kuna cheti, barua au picha, itazame. Huo ni ushahidi.

Hatua ya 5. Msomee mzee ulichoandika.

Msomee kwa sauti. Mwache akusahihishe. Mara nyingi hapo ndipo anapokumbuka jambo kubwa kuliko yote.

Hatua ya 6. Tunza.

Andika nakala mbili. Moja kaa nayo, nyingine mpe ndugu anayeishi nyumba nyingine. Funga daftari vizuri, uliweke juu, mbali na mchwa na unyevu. Watu wengi sasa wana simu za kurekodi sauti. Ni vizuri, rekodi. Lakini simu huibiwa, na simu huharibika. Kwa hiyo andika pia.

MFANO WA KUMBUKUMBU

Hii ndiyo tuliyoiandika sisi. Ni fupi, nawe unaweza kuandika kama hii.

"Krismasi ya mwaka 1978, Kilakala. Tumeambiwa na mama, ambaye aliona. Kaka yake alikuwa vitani Kagera. Bibi alikuwa hataki kupika. Jirani mmoja Mwislamu, mpangaji, alileta jogoo mwekundu, akamchinja. Alisema aliye vitani ni mtoto wetu sote. Watu wote wa nyumbani walikula, na sahani ya mjomba iliwekwa. Jina la jirani huyo bibi alilijua. Sisi hatukuliandika. Atakayelijua alijaze hapa: ....................."

Nafasi hiyo bado iko wazi. Mjomba amekataa isifutwe. Kila Krismasi anaomba daftari liletwe, anatazama pale penye nukta, kisha anauliza kama kuna aliyepata habari. Mwaka uliopita kuna bibi kizee wa mtaa wa juu aliyetuambia kwamba yule mpangaji alikuwa fundi cherehani. Tumeandika hilo pia. Tunaendelea kuuliza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini bibi hakutaka kupika siku ya Krismasi?
2. Mpangaji alisema maneno gani? Unayaonaje?
3. Familia ilijuaje kwamba ilikuwa mwaka 1978?
4. Mama mdogo alisema kweli au uongo? Eleza.
5. Je, nyumbani kwenu kuna mtu mliyetakiwa kumshukuru? Jina lake limeandikwa wapi?

ZOEZI

Andika mistari 10 kuhusu sikukuu moja ya nyumbani kwenu. Taja mwaka, mahali, na majina ya watu wasiopungua watatu. Mzee mmoja aisikilize na kuisahihisha kabla hujaandika nakala ya pili.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kawa – kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu.
Kufuzu – kushinda mtihani.
Mgambo – raia waliofundishwa kazi ya ulinzi.
Nakala – maandishi yaliyoandikwa tena sawasawa na ya kwanza.
Ushahidi – kitu kinachoonyesha kwamba jambo ni kweli.

Ndugu msomaji, usingoje Desemba. Kama mzee wako yuko hai, chukua daftari leo jioni. Anza na jina.