Mnasindikizana tu

Kocha alituambia wote sita: "Mpaka mmalize kupanda Mweka, hakuna mashindano. Mnasindikizana tu." Nilimsikia vizuri, ila mbio za nusu marathoni zilipoanza pale Moshi nikatoka mkuku. Kilomita ya kwanza dakika 4 na sekunde 40, wakati mpango ulikuwa 5:40. Nikajiona niko fiti kweli!

Sasa sikia kinachotokea. Ukizidisha kasi, oksijeni haitoshi, hivyo misuli inakula akiba yake ya sukari, yaani glaikojeni, kwa fujo. Miguu inakuwa mizito kabla mlima haujakolea. Kilomita ya nane nilikuwa natembea.

Mtazame Kelvin Kiptum, Chicago 2023: nusu ya kwanza saa 1 na sekunde 48, ya pili dakika 59 na sekunde 47. Rekodi ya dunia wakati huo, 2:00:35. Hata yeye alianza kwa akiba, sembuse mimi wa hosteli na chipsi mayai.

Wenzangu watano walinipita mmoja mmoja. Uwanjani kocha hakunigombeza. Alisema, "Jumanne dogo, kilomita nane. Kila moja dakika sita, na saa naishika mimi."